Vumbi la Kijani kwenye Fungu la Uyoga

Uvumilivu uliniishia pale karani wa soko aliposema, bila hata kuinua macho, "Dada, mtoto ametapika uchafu wa nyumbani kwako. Uyoga wa watu usiusingizie." Niliipiga meza yake. Tatu, binti yangu wa miaka miwili, alikuwa mgongoni, legelege, jana yake kutwa ametundikiwa maji hospitali. "Basi lete ushahidi," akasema. Haya. Nikaufuata.

Saa tatu asubuhi niliondoka Kariakoo na uyoga uliobaki kwenye fungu nililonunua sokoni hapo juzi nikampikia Tatu, nimeufunga gazetini. Jirani alikuwa amenielekeza kwa Mama Komba, mtu wa Songea anayeujua uyoga, anayeishi uani kwenye nyumba moja ya Upanga. Mnazi Mmoja niliikatiza kwa miguu, jua linachoma, namtukana karani moyoni kila hatua.

Saa nne kasoro nilipiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto apate uji kwanza. Hasira utanipa baadaye."

Aliumwaga uyoga kwenye ungo, nikaona mtu anayeijua kazi yake. Alipindua kila kichwa chini juu. "Mnasoma mpaka fomu foo, hamfundishwi kupindua kitu mkatazama chini yake?"

Vichwa vinne vilikuwa na ncha katikati ya kofia na shina jororo lisilo na pete: uyoga wa kichuguu, ule unaoliwa. Viwili vilikuwa na magamba ya kahawia juu, na pete shinani.

"Na mizizi iko wapi?" akauliza. "Wa kichuguu una mzizi mrefu unaozama ardhini. Wauzaji wameukata ili fungu lipendeze. Sasa wa kichuguuni na wa kwenye nyasi za bustani wote wamekuwa ndugu!"

Kwao, alisema, mama mkwe haamini macho ya bibi harusi: uyoga aliouchuma hulazwa kwenye ungo, kisha mama mkwe hukagua rangi ya vumbi lililodondoka kutoka chini ya kofia. Kwa uyoga wangu alichana karatasi mbili za daftari, akakata mashina, akalaza juu yake kofia mbili, moja ya kila aina, akazifunika kwa mabakuli upepo usiingie.

Saa nane mchana aliyafunua. Kitu kizuri kama kile sijapata kuona: mistari myembamba imejipanga kama njiti za gurudumu la baiskeli, na hakuna aliyeichora. Kofia ya kichuguu iliacha vumbi la rangi ya waridi hafifu. Yenye pete iliacha kijani.

"Huyo wa kijani ndiye mbaya wako, ana sumu," akasema. "Lakini usijifanye fundi. Vumbi ni shahidi mmoja tu. Kofia, shina, mzizi, mahali ulipoota, wote waulizwe. Mmoja akisita, hatuli."

Saa tisa nilirudi Kariakoo, karatasi nimezifunika kati ya sahani mbili zisisuguane. Karani alizitazama muda mrefu, safari hii kwa macho yote mawili, akanisogezea kalamu na karatasi ya malalamiko. Niliandika:

"Ndugu Msimamizi wa Soko, nalalamika kwamba nimeuziwa uyoga wa aina mbili kwenye fungu moja, mizizi imekatwa. Naomba uyoga uuzwe na mzizi wake, na mnunuzi aruhusiwe kuupindua. Kupika nisichokijua ni kosa langu, nalikubali. Kufichwa nisikijue si langu. Alama mbili za vumbi nimeambatanisha. Tafadhali msizifute."