Sauti Saba na Diski Ndogo

Mchagua jembe si mkulima, na mimi nilichagua kompyuta miezi minne. Nilikaa mlangoni kwetu Nchelenge na simu mkononi, nikisoma sifa za mashine ambazo sitazigusa maisha yangu yote. Baba alikuwa akishona nyavu zake hatua tatu kutoka hapo.

“Weye mutoto,” aliniuliza siku moja, “utaioa ile ordinateur siku gani?” Ordinateur kwake ni kompyuta.

Nilitaka kurekodi muziki nyumbani, na muziki wenyewe ulikuwa wimbo mmoja tu. Baba alikulia kwenye kambi ya wavuvi ng’ambo ya ziwa, upande wa Congo. Kila mvua kubwa zilipowaweka nchi kavu, wanaume saba walikaa duara, wakashona nyavu na kuimba wimbo mrefu, kila mtu na sauti yake. Vita vikawatawanya. Kati ya wale saba, ni baba peke yake aliyefika huku Zambia. Tangu nikiwa mdogo nilimsikia akiimba sauti yake ya chini, halafu akinyamaza kidogo pale ambapo wenzake wangeitikia. Kunyamaza kule kuliniuma kuliko wimbo wenyewe. Nilitaka anipe sauti zote saba, moja baada ya nyingine, nizipange kwenye kompyuta, ili siku moja akae aisikie kambi yake nzima.

Nilipopata uwezo nilisafiri mpaka Mansa. Muuzaji alinionyesha kompyuta mbili za mtumba, zote nyeusi, zote nzito. Moja ilikuwa na diski kubwa lakini ya polepole, ya pili ilikuwa na diski ndogo yenye kasi. Akanieleza kwa Kibemba, taratibu, kama anayemfunga mtoto kamba za viatu, kwamba anayerekodi sauti za watu anahitaji nafasi, maana hajui atakachokuja kukitafuta baadaye. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kasi ndiyo kila kitu, na muuza duka angenifundisha nini? Nikachukua yenye diski ndogo. Nikachukua na kipaza sauti cha studio, kile kinachosikia hata mende akipanda ukuta, nikaacha cha jukwaani kinachosikia mdomo tu. Nikaongeza kisanduku cha kukiunganisha na kompyuta, na hedifoni kubwa zilizonifanya nijione rubani. Njia nzima ya kurudi nilivipakata mapajani, na kondakta hakuthubutu kuvigusa.

Ilikuwa miezi ambayo ziwa hufungwa samaki wazaane, kwa hiyo baba alikuwa nyumbani na nyavu zake kwenye msumari wa mlango. Siku tatu za kwanza nilifanya majaribio. Alishona, akaimba. Alibana wavu kwa kidole gumba cha mguu, akapitisha sindano yake ya mti, na kila alipokaza fundo mstari wa wimbo uliishia hapo, akavuta pumzi. Pale pa kunyamaza hakunyamaza tena. Alijua natafuta wenzake, akaanza kuniigizia.

“Uyu alikuwa anaimbia mu pua,” alisema, akaimba puani. Akamleta aliyechelewa neno moja kila mara, na yule aliyekohoa kwanza ndipo aingie. Alicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa na hedifoni masikioni, na nilichosikia ni kuku, kinu cha jirani na mvumo wa mashine ya sola.

“Papa, ngoja kwanza. Kuko kuku inalia.”

“Ata ku kambi kulikuwa kuku,” akanijibu. “Acha iimbe.”

Siku ya nne nilitundika blanketi kwenye kuta za chumba changu, nikasimamisha godoro dirishani, nikamkalisha baba kwenye kiti. Nilimwambia aimbe sauti yake tu, bila mizaha.

“Mais mikono yangu itafanya nini?” Mais yake ni lakini, Kifaransa cha ng’ambo.

“Itapumuzika, Papa.”

Aliimba kama mtu anayejibu maswali mpakani. Lakini sauti ilitoka safi, bila kuku hata mmoja, na nilijivuna kweli. Nikaipamba kwa ngoma na magitaa ya kompyuta, hadi mashine ikaniandikia kwamba nafasi imekwisha. Nikatafuta cha kufuta. Nikaona zile siku tatu za kuku na vicheko. Nilizifuta zote, wala sikusita. Ziwa lilikuwa linafunguliwa na baba anakwenda kisiwa cha Chisenga kuvua, kwa hiyo nikasema zile sauti sita tutazirekodi ziwa likifungwa tena.

Lilipofungwa tena, baba alikuwa ameshaugua koo. Hospitali walimponya, namshukuru Mungu, ila sauti haikurudi. Anachoweza sasa ni kunong’ona. Bado anashona nyavu pale mlangoni, nami bado nakaa karibu, na kila anapokaza fundo masikio yangu yanangoja. Nasikia uzi tu. Yuko hatua tatu kutoka kwangu na ninamtamani kama mtu aliye safarini.

Mwezi uliopita aliniomba mwenyewe nimsikilizishe wimbo. Nilimvisha hedifoni. Akafumba macho, vidole vikaanza kukaza mafundo hewani, lakini sauti ile ilikuwa haimngojei, kila alipokaza fundo ilikuwa imeshapita. Ilipofika pale pa kunyamaza aliinua uso, akangoja. Akangoja mpaka wimbo ukaisha. Ndipo akasogeza hedifoni, sikio moja likawa wazi.

“Ni muzuri,” akanong’ona. “Mais benzangu beko wapi?”

Ningeweza kumdanganya kwamba hatukuwahi kuwarekodi.

“Nilibafuta, Papa.”

Akazivua hedifoni, akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu chombo chake, akaokota sindano.