Jezi Ishirini Zisizo na Baka

Shangazi yangu hajawahi kukosea rangi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo anavyojitambulisha. Wenzake husema mimi ni mama wa fulani, au mimi nimezaliwa ukoo fulani. Shangazi husema, "Mimi ni dobi wa klabu, miaka ishirini na miwili, na hakuna nguo yangu iliyowahi kuichujia nyingine." Halafu hunyamaza ili umsifu. Usipomsifu, hurudia.

Chumba chake cha kufulia kiko chini ya jukwaa la uwanja, nyuma ya goli. Kina mabeseni manane, kila moja na kazi yake, na ole wako utie soksi kwenye beseni la kaptula. Kuna kamba sita za kuanikia, pasi mbili, na mashine ya kufulia ambayo viongozi wa zamani walimnunulia kwa mbwembwe na hotuba. Shangazi huitumia kama meza ya kukunjia nguo. Akinyanyua jezi tu anajua iliyokuwa uwanjani na iliyokaa benchi. "Hii haina jasho," atasema. "Huyu alikuwa anatazama mpira kama wewe na mimi, tena bila kiingilio."

Rangi ya klabu yetu ni kahawia. Sijui klabu nyingine yenye rangi hiyo, na wapinzani wanasema ipo sababu. Wao hutuita Matope. Sisi tunajiita Kahawia, basi, na mtoto akizaliwa mtaa huu haulizwi ni wa timu gani, kama vile asivyoulizwa kama ana pua.

Ndipo klabu ikauzwa. Mnunuzi alikuwa tajiri wa kigeni mwenye viwanda vya vitambaa, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata kwa bahati mbaya.

Habari zilifika kwa kinyozi kabla hazijafika gazetini. Kinyozi ndiye mwenyekiti wa mashabiki, na akiwa na wasiwasi haifai kumkabidhi kichwa chako. Nilikuwa nimempelekea Shangazi mwavuli, nikamkuta amesimama mlangoni anasikiliza, nami nikasimama nyuma yake.

"Amenunua kwa simu," kinyozi alisema huku akipunga mashine hewani. "Kwa simu! Mimi hata kandambili sinunui bila kuvaa."

"Lakini ana hela, bwana," alisema mteja kwenye kiti. Nusu ya kichwa chake ilikuwa tayari, nusu ilikuwa inasubiri siasa iishe. "Tutapata mshambuliaji wa maana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Walisema apone. Hawakusema avuliwe nguo! Hujasikia? Tunavalishwa nyeupe. Nyeupe na kamstari ka buluu, rangi za kampuni yake. Leo rangi, kesho jina, keshokutwa unakuja na tiketi yako unakuta uwanja umekuwa duka la makochi."

"Basi tutakaa kwenye makochi."

"Wewe ngoja, nikimaliza hicho kichwa utakaa na kofia."

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kile cha wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Shangazi hakucheka. Asubuhi ile meneja mpya, aliyeletwa na tajiri, alikuwa amempa kila mfanyakazi barua: miezi mitatu ya majaribio.

"Majaribio," alisema tukiwa njiani. "Miaka ishirini na miwili, halafu majaribio. Kwani wanataka kujua kama maji yananilowesha?"

Mshahara wake ndio uliotulisha sote wawili, kwa kuwa shahada yangu ya lugha ilikuwa bado haijachemsha sufuria hata moja.

Alhamisi jezi mpya zikaja, ishirini, ndani ya boksi lenye utepe. Zilikuwa za pamba tupu kutoka viwandani kwa tajiri mwenyewe, nyeupe hadi zinaumiza macho. Meneja alizikusanya zile za kahawia zote, akazipakia kwenye gari, zikaondoka. Kisha akamwambia Shangazi, "Mama, zifuliwe mara moja kabla ya mechi, wachezaji wasiwashwe ngozi. Bosi mwenyewe atakuwepo Jumamosi."

"Zitafuliwa," Shangazi alisema, kwa sauti ya upole ambayo mtu anayemjua angeikimbia.

Ijumaa aliniita nikamsaidie. Nilikuta ameziba dirisha kwa shuka, amewasha jiko, na juu yake limekaa sufuria kubwa ambalo sijui alilitoa wapi. Chini kulikuwa na pakiti sita za rangi ya nguo na kilo mbili za chumvi. Nikaelewa.

"Shangazi, watakufukuza."

"Soma hapo pamesema maji ya moto kiasi gani."

Nilisoma elekezo la kwanza, la pili, na nilipofika la tatu akaniambia inatosha, hayo mengine yameandikwa kwa ajili ya watu wasiojua. Alilowesha jezi zote kwanza, akazikamua, ndipo akazitumbukiza. Kazi iliyobaki ilikuwa kukoroga. Alinieleza kwamba rangi ni kama mtoto mdogo, ukimwachia dakika moja tu ameshaharibu: ukisimama kukoroga, pale kitambaa kilipojikunja panabaki baka. Kwa hiyo tulikoroga kwa zamu dakika arobaini, kwa mpini wa fagio, mvuke umetujaa machoni. Dakika ya ishirini mikono yangu ilikuwa si yangu tena. Shangazi akaanzisha wimbo wa klabu. Mimi ambaye huona haya hata kuimba bafuni, nikaitikia. Kamstari ka buluu kakazama polepole mpaka hakakuonekana. Tukaanza kucheka, na hatukuweza kujizuia.

"Mbona tunacheka?" nilimuuliza nikifuta machozi.

"Tukiacha tutaogopa. Koroga!"

Jumamosi, kama desturi yake, alilifunga begi la jezi kwa fundo ambalo nahodha peke yake ndiye anayejua kulifungua, naye hulifungua dakika ishirini tu kabla ya mechi. Muda wa kwenda kutafuta jezi nyingine haukuwepo, na zenyewe hazikuwepo. Sisi tulikaa jukwaani. Mashabiki walikuwa wamenuna kama waliokuja kuzika. Kinyozi alikuwa amevaa kitambaa cheusi begani.

Timu ikatoka.

Kwanza kimya, watu wakidhani macho yanawadanganya. Kisha mlio ulioinuka pale, sijui niuelezeje. Kinyozi alimkumbatia mtu aliyekuwa mbele yake, akagundua ni shabiki wa wapinzani, akamkumbatia tena. Mzee mmoja alirusha fimbo yake juu, ikabidi watu wamtafutie. Tulitoka sare ya mbili kwa mbili, na tukaishangilia sare ile kama waliobeba kombe. Bao letu la pili lilimgonga beki wao mgongoni likaingia lenyewe. Hakuna aliyejali.

"Nani kafanya hivi?" watu walikuwa wakiulizana. Kisha wote wakageuka na kumtazama dobi.

Shangazi alikuwa anatazama bega la mchezaji namba saba. "Hilo pindo limekaa vizuri," aliniambia.

Jumatatu akaitwa ofisini. Alinichukua nikamtafsirie, maana tajiri hajui Kiswahili na Shangazi hakumwamini meneja. "Huyo atanitia maneno mdomoni, na mimi sijui nitayatemea wapi."

Tajiri alikuwa amekaa pembeni, kimya, mwanamume mfupi mkavu mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni. Nilikuwa nimetarajia mtu wa pete na manukato. Huyu angeweza kuwa mwalimu wa hesabu. Begi la jezi lilikuwa chini, karibu na miguu yake. Meneja ndiye aliyeanza kusema, akiisukuma karatasi mezani.

"Mama, sisi ni binadamu, tunaelewa. Ni ajali. Chumba kina mwanga hafifu, kazi ni nyingi, na umri nao..."

"Umri umefanyaje?"

"Namaanisha, saini hapa tu. Inasema ulichanganya rangi kwa bahati mbaya. Ukisaini, kazi yako iko palepale. Usiposaini itabidi iwe makusudi, na makusudi ni kuondoka leo hii."

"Saini, Shangazi," nilimnong'oneza.

Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo atembee sokoni. "Nisaini kwamba sijui kutenganisha nyeupe na kahawia? Mimi? Kwa maandishi?"

"Shangazi, tutakula nini?"

"Tutakula, lakini si hicho." Akainama, akachomoa jezi moja begini, akaitandaza juu ya meza ya meneja, juu ya karatasi zake na kalamu zake na simu yake. "Mwambie huyo baba: ajali huacha mabaka. Atafute baka. Akilipata hata moja, nasaini."

Nikatafsiri kwa sauti ya mbu. Tajiri akavaa miwani. Akaigeuza jezi nje ndani. Akaangalia makwapa, akaangalia kola, akaivuta mishono kwa kucha na kuchungulia katikati ya nyuzi. Akachukua ya pili, na ya tatu. Meneja alitazama saa yake mara nne.

"Hakuna," tajiri alisema mwishowe. "Dakika ngapi?"

"Arobaini. Bila kupumzika."

"Uliilowesha kwanza?"

"Sasa ningeitia kavu? Kwani mimi ni mwendawazimu?"

Hilo nililipunguza makali kidogo. Akauliza kuhusu chumvi, akajibiwa. Akauliza kuhusu moto, akajibiwa, na akapewa na ushauri juu yake. Walikuwa wanaongea upesi kiasi kwamba mimi katikati nilihema kama mwamuzi mnene. Kisha akauliza swali moja taratibu: kwa nini?

"Kwa sababu hukuuliza," Shangazi alisema. "Ungekuja ukauliza, pengine ningekufulia hizo nyeupe mwenyewe, nikalia huku nafua. Lakini hukuuliza mtu."

Tajiri aliikunja jezi taratibu. Halafu nikamwona anatabasamu, na tabasamu lenyewe sikulipenda. Alisema kwamba kazi hii ni nzuri, ila inasikitisha. Rangi iliyoingia namna hii hakuna dobi hai anayeweza kuitoa. Angekuwepo, jezi zingekuwa nyeupe tena kufikia Jumamosi, na yeye angesamehe yote. Lakini kwa kuwa dobi huyo hayupo...

Akanigeukia, akisubiri.

"Anasema nini?" Shangazi aliuliza.

"Anasema rangi imeingia vizuri."

"Amesema maneno mengi kuliko hayo."

"Anasema imeingia vizuri sana."

"Anasema," meneja akadakia, akiona raha, "hakuna dobi duniani anayeweza kuitoa."

Nikaona kifua cha Shangazi kinapanda. Nikaona kidevu kinainuka na mdomo unafunguka. Namjua. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Na mimi, niliyekaa chuo kikuu miaka minne bila kunyoosha mkono hata mara moja, nikaruka kutoka kwenye kiti.

"Hawezi!" nilipiga kelele kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya tajiri, kisha kwa Kiswahili tena. "Hawezi kabisa! Hajui! Hata kidogo!"

Mhudumu akachungulia mlangoni. Shangazi alinigeukia polepole, mdomo wake bado wazi, na sijawahi kuona uso umeumizwa namna ile.

Tajiri alinitazama, akamtazama yeye, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipopata pumzi aliichukua ile karatasi mwenyewe akaichana. Akasema basi, msimu huu ni kahawia, na mwakani atakuja kabla ya msimu aulize, na ataanzia chini ya jukwaa. Akamwagiza meneja aandike mkataba mwingine, wa mwaka mzima, na neno majaribio lisionekane humo.

Nje mashabiki walikuwa wamejaa. Walimbeba Shangazi juu juu kutoka getini hadi kwa kinyozi. Alikaa mabegani mwao amekunja mikono, kama mtu aliyekalia kiti kibovu.

"Shujaa wetu, mbona umenuna?" kinyozi alimuuliza.

"Muulizeni huyo msomi wangu."

Hakuniongelesha siku tatu. Chakula nilitengewa, lakini sahani iliwekwa mezani kwa kishindo. Nikisalimia, alimjibu paka, na sisi hatuna paka.

Siku ya nne alinitumia ujumbe: njoo. Nilipofika chini ya jukwaa, mlango ulikuwa umeegeshwa. Kamba tano zilikuwa tupu. Kwenye ya sita ilining'inia jezi moja, ya mchezaji wa akiba, nyeupe kama jino la mtoto, na ule mstari mwembamba wa buluu umerudi mahali pake kana kwamba haujawahi kwenda popote. Shangazi alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni, macho yake mekundu kwa mvuke na kukosa usingizi.

"Haya. Naweza au siwezi?"

"Unaweza, Shangazi."

"Sisikii. Ofisini ulikuwa na sauti."

"Unaweza!" nilipaza, mpaka mabeseni yakaitikia. "Unaweza kabisa!"

Akacheka, akanishika shavu kwa mkono wenye sabuni. Kisha akachungulia nje, akaitoa ile jezi kwenye kamba haraka kama mwizi.

"Funga mlango," alisema. "Bandika maji. Keshokutwa kuna mechi, na yule mchezaji wa akiba asije akatuponza."