Mabega ya Baba na Makombo ya Watoto

Nakumbuka siku moja fundi wa nguo pale soko la Konyo Konyo, hapa Juba, alinizungushia tepu kwenye mkono, juu ya kiwiko, akaitazama, akazungusha tena, kisha akapiga mluzi. "Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha Uganda, "hii mkono iko ya askari ya Bilpam. Kitambaa yako haitoshi." Wenzake, wanaoijua kambi hiyo ya jeshi, wakaacha cherehani zao wapate kucheka vizuri. Nami nikacheka, kwa maana mtu akichekwa sokoni hana budi kucheka na wanaomcheka. Lakini nilipopanda boda boda kurudi nyumbani Hai Mauna, kitambaa mapajani, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mwanangu, maana ndivyo ninavyokuita ingawa sikukuzaa, nakueleza haya kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Nilipita kwako baada ya ibada nikakukuta umesimama jikoni, unamalizia chapati iliyoumwa pembeni na mwanao. Uliponiona ukaificha sahani nyuma yako, kama mwizi wa sukari. Halafu ukaniambia, "Mama, mimi siku hizi sili. Napunguza mwili." Nikaaga mapema. Nilikuwa namwona mtu ninayemfahamu sana, mimi mwenyewe wa zamani, na nilitaka kwenda kukaa naye kwanza nyumbani kwangu, peke yangu.

Wewe na mimi tumeumbwa karibu sawa. Mungu alitupa miili ya kubeba mapipa. Na wote wawili tumekulia Kenya, ingawa wewe ulikuta mambo yamepoa kidogo. Mimi nilifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nikiwa msichana wa kupanga foleni. Nafaka tuliipata kwa kipimo, na punje ikianguka mchangani unaiokota, unaipuliza, unairudisha. Mwenye njaa hana miiko. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba chakula hakitupwi, na somo hilo sikulisahau hata nilipohamia Nairobi, nikaolewa, nikazaa Lado na Kiden, na baada ya amani nikarudi nao Juba.

Sasa hao wawili, mwanangu! Watoto wa Nairobi wale. Lado bamia hataki kuiona. "Mum, inateleza kama makamasi. Siezi." Kiden yeye alikuwa na vita na kila kitu cha kijani, jani la mboga ya kudra likimgusa mdomoni analia kama aliyechomwa na mwiba. "Mi nataka chapo," anasema, na ukimpa chapati anataka isiwe na doa. Asida, ugali wetu, wote wawili waliitazama kana kwamba nimewapakulia udongo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa ametoka tumboni mwake. Baba yao alikuwa dereva wa lori barabara ya Nimule, wiki zake nyingi ziliishia njiani, kwa hiyo vita vya jikoni vilikuwa vyangu peke yangu. Nilipika sufuria tatu kila jioni, mbili za watoto na moja ya mgeni wa ghafla, ambaye hakuja. Nikibembeleza, nikitisha, nikiimba. Mwisho wanainuka, sahani zimechokorwa tu, nami nazibeba hadi jikoni.

Na jikoni, nikiwa nimesimama, nikiipa nyumba mgongo, nazimaliza zote. Sikuita huko kula. Kula ni mtu kukaa chini. Mimi nilikuwa nasafisha sahani.

Kumbuka hilo, maana jioni ile niliyotoka kwa fundi ndipo nilipoapa kupungua. Muuguzi naye alikuwa ameshaniambia kwamba magoti yangu yanalalamika kwa haki, nipunguze uzito. Basi nikaacha kukaa mezani kabisa. Asubuhi chai kavu. Mchana maji yenye limau, kama alivyonishauri mwenzangu kazini, mwembamba yule kama ufito, ambaye hajawahi kunenepa na hajui kunenepa kunaingilia mlango gani. Alfajiri natoka kukimbia. Wakati huo askari nao hukimbia wakiimba, nami nikijikuta nyuma yao nashika hatua zao. Siku moja mmoja wao akageuka akanipigia saluti. Nilikasirika mpaka nikasahau kuchoka.

Na unajua nilipata nini? Kila nilivyokimbia, ndivyo mashavu ya miguu yalivyochomoza. Mapaja yakawa magumu. Mizani ya zahanati ikagoma kabisa, mshale palepale. Nililia, mwanangu. Nililia kwa sababu nilikuwa na njaa na bado mnene, na nilipojitazama kwenye kioo niliona mwanamume. Nilitamani mwili wa yule mwembamba wa kazini. Niliutamani kama vile watoto wangu walivyotamani chapati isiyo na doa, na kwa akili ileile.

Ndipo Shangazi akaja. Dada yake baba, kutoka Terekeka, ameletwa Juba kutibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili; aliona mwanga na kivuli, basi. Hakujua Kiswahili hata kidogo. Alizungumza nasi Kiarabu cha Juba, na akikasirika, Kimundari, lugha ya kwao. Watoto wakamwita haboba, yaani bibi, na wakamwogopa kwa siku chache kisha wakamzoea. Macho yake yalikuwa yamelala, lakini masikio, mwanangu, masikio yale yalikuwa hayalali.

Jioni moja nikiwa jikoni na sahani ya Kiden, nikasikia sauti yake mlangoni. "Ya biniya, ita gi akulu shunu?" Msichana, unakula nini?

"Sili kitu, Shangazi. Ninasafisha sahani."

"Unasafisha kwa meno?"

Akapapasa ukuta mpaka akanifikia, akataka nimpeleke bafuni kunawa. Nikampa bega ashike, kama kila siku. Tulikuwa tumefika katikati ya uwanja aliposimama ghafla. Akaweka mkono wa pili kwenye bega langu la pili. Akapapasa taratibu, akashuka mikononi, akaminya hapa juu ya kiwiko, palepale fundi alipopigia mluzi. Kisha akarudi tena mabegani, mikono ikatulia hapo. Nilidhani kazidiwa na joto la siku.

"Mabega ya kaka yangu," akasema. "Nimekaa nyumba hii siku zote hizi nayashika na sikuyajua."

Lazima nikwambie juu ya baba yangu. Alikuwa mpiga mieleka, na vijiji vya jirani vilimjua. Vita vilitutenganisha nikiwa mdogo, na hatukuonana tena. Picha yake haipo. Hakuna aliyekuwa na kamera kambini kwa ng'ombe. Nilichobaki nacho ni harufu ya majivu aliyojipaka asubuhi, basi. Uso wake uliniponyoka njiani, sijui ni mto gani tuliuvuka siku hiyo. Maisha yangu yote ya Kenya nilikuwa najaribu kuurudisha na hauji. Nilimtamani baba yangu kama mtu anavyotamani nyumba ambayo hata mlango wake haukumbuki.

Na huyu mama kipofu ananiambia baba yangu yuko hapa, katikati ya uwanja wangu, Hai Mauna, amenishikilia miaka yote hii.

Nikampasulia kila kitu. Fundi, mizani, limau, askari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika, na hapo akaingia Kimundari. "Unayashindisha njaa mabega haya ili yaondoke? Kaka yangu aliuawa mara moja. Wewe unataka kumwua tena kwa limau?" Akashusha pumzi. "Magoti yako yanauma, sawa, nimesikia. Ukubwa mwingine ulionao si wa kaka yangu. Huo ni wa sahani. Mimi sioni, lakini nasikia: katika nyumba hii hakuna anayekula. Watoto wanadonoa kama kuku, na wewe unaokota nyuma yao. Nani awafundishe kula? Wamemwona nani akila?"

Mwanangu, nilikuwa na kazi ya ofisini na Kiingereza changu, na jambo hilo alinionyesha mama asiyeona. Watoto wangu hawakuwahi kuniona nikitia tonge mdomoni. Waliniona nikisimama na kijiko, nikibembeleza. Kwao chakula kilikuwa ugomvi ambao mama mwenyewe anaukimbia.

Kesho yake Shangazi akaagiza sinia. Lile kubwa la bati, la harusi, lililokuwa limeegemea ukuta nyuma ya kabati. Mkeka ukatandikwa. Nikapika sufuria moja, asida na bamia kwa samaki mkavu, na kudra pembeni. Tukakaa wote wanne, mkono mmoja mmoja ndani ya sinia. Watoto walikunja nyuso. Lado akaanza, "Mum, mimi siezi..."

Shangazi akamkatiza. "Wewe mwenye sauti nene, mimi sioni. Chukua mkono wangu, unipeleke penye bamia."

Lado akanitazama. Nikamtafsiria, kisha nikatazama juu. Akaushika mkono ule wa kizee, akaupeleka. Shangazi akala. "Hii ina chumvi au sina ulimi tena? Onja, uniambie." Nikamtafsiria tena mtoto. Akaonja kwa ncha ya kidole, akasema chumvi ipo. "Na huyu samaki ana mwiba? Angalia vizuri, nisije nikafa kwenu." Akaangalia, akatoa mwiba, na kidole kilichotoa mwiba akakilamba, maana ndivyo vidole vinavyofanya. Kiden akaona wivu, akataka naye aongoze mkono wa haboba. Akapewa upande wa kudra. Alishikilia pua kwa mkono wa pili, lakini aliongoza.

Nami? Nilikuwa nimekaa chini, nakula mbele ya wanangu. Nililamba bamia nikaona utamu wake, nikakumbuka kwamba ninaipenda. Nilishiba. Kitu hicho, kushiba, nilikuwa nimekisahau, kwa sababu anayekula amesimama hashibi, anajaa tu. Sinia lilipoondoka, mabaki yalikuwa ya kuku wa jirani, nikayapeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Hapo moyo uliniuma kidogo, sitakudanganya. Foleni ya Kakuma haitoki mwilini kwa siku moja.

Usidhani mambo yalinyooka. Kiden aliendelea na vita vyake na majani muda mrefu sana, na mpaka leo akiona kudra anavuta pumzi. Lado alizoea mapema, kisha akaacha, kisha akarudi. Mimi nilipungua polepole, magoti yakanyamaza. Nilipomrudia fundi alizungusha tepu kiunoni akasema, "Hapa iko chini, mama." Akazungusha mkononi. Akapiga mluzi uleule. Nikamwambia, "Ongeza kitambaa. Huo ni wa baba yangu."

Shangazi akapasuliwa jicho moja. Bandeji ilipotolewa nilikuwa nimesimama mbele yake, na hakuanza kwa kuutazama uso wangu. Alitazama mabega, muda mrefu, mdomo ukimcheza. Kisha akaomba arudishwe Terekeka kwa ng'ombe wake. Huko ndiko alikolala, na natamani kila jioni mkono wake utue tena hapa, nimpeleke kunawa.

Lado yuko Kampala sasa. Kiden ameolewa Nairobi, na majuzi alinipigia simu akilia kwamba mtoto wake hali ila chapati. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu akanitumia picha: kijana wa miaka mitatu, kifua wazi, amenuna mbele ya sahani. Sikuona sahani. Mabega yale, mwanangu! Nikaiweka simu kifuani, nikanusa majivu, sijui yalitoka wapi.

Basi nisikilize. Mwacha asili ni mtumwa. Unachotaka kukipunguza, jiulize kwanza nani alikuwekea. Ulichojiongezea wewe kwa kusimama jikoni, kipunguze, na haki ni yako. Ulichorithi kiache kwa heshima, hata fundi akipiga mluzi. Tumbo lako si ndoo ya makombo ya watoto. Wakibakiza, wape kuku, au funika mpaka kesho, wala usiogope, foleni imekwisha. Pika sufuria moja. Kaa chini. Kula mbele yao, tena kwa furaha, waone uso wako. Mtoto haamini chakula kwa kuambiwa. Na usimpige vita kwa sababu ya jani moja; atakua, ataondoka, nawe utalitamani hata lile jani alilotema.

Mungu akupe magoti mepesi na moyo usiojionea haya. Wanao wakukumbuke ukiwa umekaa, unatafuna, unacheka. Bega lako lisikose mkono wa kulishika, wa mtoto leo na wa mjukuu kesho. Na waliokutangulia, ambao huna picha zao, wakusindikize katika mwili huo huo uliokuwa ukiukimbia.

Jumapili baada ya ibada walete watoto kwangu, hata huyo wa chapati. Nitatandika mkeka. Sinia langu ni kubwa mno kwa mkono mmoja.