Taratibu, Asiamke

Pale Usenge, kando ya ziwa, taratibu ni neno la kazi. Omena, dagaa wetu wa ziwani, wakianikwa juu ya nyavu hugeuzwa taratibu, maana wakikatika vichwa mnunuzi huwaita chakula cha kuku. Mama alinifundisha hivyo. Tulipomzika karibu na baba, niliacha shule nikachukua nafasi yake ufuoni. Nyumbani nilibaki na wadogo zangu wawili, wasichana.

Shangazi, dada ya baba, ndiye aliyetuletea uamuzi wa wazee.

"Nyathina, mtoto wangu, huwezi kulea. Tutawagawa. Lakini taratibu, msije mkaumia."

Jioni moja nilitoka ufuoni nikaelewa alichomaanisha. Yule anayenifuata hakuwepo. Alibebwa akiwa usingizini, akapelekwa Nyamasaria kwa baba mdogo kulea mapacha wake. Hajarudi mpaka leo.

"Hata hakulia," shangazi alijisifu. "Ungekuwepo ungeharibu."

Tangu hapo sikwenda ufuoni bila yule mdogo mgongoni. Shangazi akaja Jumapili, kwa pikipiki kutoka kwake Awasi, mchana, wakati mtoto ameshiba na kulala mkekani. Alivua viatu mlangoni. Akainama, akapitisha mkono chini ya shingo yake kwa upole ambao hata mama hakuwa nao, akamwinua. Mwenye pikipiki alikuwa tayari ameingia kumpokea.

"Taratibu," shangazi alimnong'oneza, "asiamke."

Nilisimama mlangoni.

"Sogea. Kwani wewe ni mama yake? Mtu mwenyewe ananuka omena."

Nilimshika mtoto paja nikamfinya kwa kucha, kwa nguvu zangu zote.

Alipiga yowe. Akapiga jingine. Majirani wakatoka, mmoja bado ameshika mwiko.

"Nani anaua mtoto huko?"

"Mama, mimi huyu simbebi," mwenye pikipiki akasema. "Akilia hivi barabarani watanichoma wakidhani nimeiba."

Shangazi alimwachia, mtoto akaanguka kwa makalio. "Haya, mlishe tuone. Mnyama wewe."

Walipoondoka, mtoto aliitazama damu kwenye paja lake, kisha akanipiga ngumi tumboni.

"Nataka kwenda na shangazi! Ana mkate."

"Huendi."

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilisonga ugali, nikaweka sahani yake karibu na yangu. Aliiburuta mpaka ukutani, akanipa mgongo, akala.