Ndiyo Kumi na Mbili za Selpha Aloo

Karatasi ya Selpha Aloo ningali nayo. Ni mali ya kampuni, najua, na sikupaswa kuibeba nyumbani. Niliibeba. Anayetaka kunishtaki aje Nyamasaria aulize kwa Maximilla, ataonyeshwa mlango.

Mwaka wa 1991 nilikuwa sekretari katika kampuni moja ya samaki pale Kisumu. Mimi ni Mbukusu, nimezaliwa mbali na ziwa, na samaki nilikuwa namla kwa kuhurumia waliomkaanga. Lakini Kiswahili changu kilikuwa safi, taipu yangu haikuwa na makosa, na kila mtu katika ofisi ile alijua hivyo kwa sababu nilikuwa nikiwaambia.

Kampuni ilinunua mbuta kutoka fuo nyingi, na ufuo uliotutoa jasho ulikuwa Usenge. Kila wiki vita. Mizani yetu ya pale ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye uso wa mviringo kama saa, na ilitundikwa ikimtazama mpimaji na kuwapa wavuvi kisogo. Mpimaji anasoma, mvuvi anaambiwa. Samaki wa kilo kumi akifika pale anakonda ghafla, anakuwa kilo nane. Mpimaji wa mwisho walimtimua wavuvi wenyewe kwa makasia, akaacha kiatu kimoja mchangani.

Meneja wetu, Bwana Laban Oketch, akaapa kwamba safari hii atatafuta mtu mwaminifu kisayansi. Kisayansi, jamani! Alikuwa amerudi kutoka kozi ya wiki mbili Nairobi na kijitabu cha kupima hulka za watu. Maswali sitini, kila swali unajibu ndiyo au la.

"Maximilla, nitafsirie hii, unipigie nakala kumi," akaniambia. "Ijumaa naenda nayo Usenge."

Sasa mimi nikipewa kitabu nakisoma mpaka jalada la nyuma. Ni ugonjwa wangu na najivunia. Nikaona maswali yale yamechanganywa makusudi. Mengine yanapima kama mtu anapenda watu au anapenda kukaa peke yake. Mengine yanapima kama moyo wake umetulia au unarukaruka. Halafu kuna kumi na mawili ya mtego, yametawanywa kati ya yale mengine kama mawe kwenye maharagwe. Umewahi kusema uongo? Umewahi kuchukua kitu kisicho chako, hata kiwe kidogo? Umewahi kumsengenya mtu? Ukurasa wa mwisho ulieleza kwamba hakuna binadamu ambaye hajafanya mambo hayo. Anayejibu la mara kumi na mbili anajipaka mafuta, na hayo majibu yake mengine usiyaamini sana.

Nikampelekea meneja nakala zake. "Bwana Meneja, tafadhali soma na huu ukurasa wa mwisho."

"Sawa, sawa," akasema, na simu ikalia.

Alirudi na karatasi nane, wanaume saba na mwanamke mmoja. Alikuwa ameshazisahihisha garini kwa penseli, kila jibu zuri alama moja. Wa kwanza alikuwa Dishon, mtu wa mashua mbili na sauti ya spika. Dishon hajawahi kusema uongo. Hajawahi kuchelewa, hajawahi kumsengenya mtu, hajawahi kumkasirikia hata mbu. Wale wengine sita walikuwa hivyo hivyo, malaika watupu. Nyani haoni kundule, lakini nyani saba kwa mpigo!

"Na huyu wa mwisho, hebu tazama," meneja akasema akicheka. "Mwizi amejiandikisha mwenyewe."

Nikaichukua karatasi. Selpha Aloo, mjane, mwanika omena, wale dagaa wa ziwa. Wenzake walikuwa wametia alama ya vema wakaendelea, lakini yeye alikuwa amejaza pembeni kote kwa kalamu. Umewahi kuchukua kitu kisicho chako? *Ndiyo. 1968, sukari ya Mama, vijiko vitatu, nikasingizia sisimizi. Nilimwambia 1979. Tena 1983, sindano ya mke wa mchungaji. Nimerudisha.* Umewahi kusema uongo? *Ndiyo. Juzi. Nilisema omena imekauka na ilikuwa bado.* Umewahi kumsengenya mtu? *Ndiyo. Nafasi hapa haitoshi.* Umewahi kumchukia mtu? *Ndiyo. Ameketi mbele yangu sasa hivi. Tumeshaongea naye, imebaki kidogo.*

Ndiyo kumi na mbili. Nilicheka mpaka nikashika meza, halafu kicheko kikaisha na machozi yakanijia. Nilijua ni kitu gani kile. Majirani zangu Nyamasaria walikuwa watu wa kuokoka, na kila Jumatano nilikuwa nasikia mtu akisimama na kutaja dhambi zake kwa jina na kwa tarehe, mbele ya wale wale aliowakosea. Wanaita kutembea nuruni. Mama wa watu alipewa mtihani wa kazi, yeye akautolea ushuhuda!

"Andika barua ya Dishon," meneja akasema.

Nikaondoa mikono kwenye taipu, nikaifunga kifuani.

"Maximilla?"

"Siandiki. Soma ukurasa wa mwisho kwanza."

Meneja akakifungua kijitabu. Akausoma akiwa amesimama. Akausoma tena, akaketi. Nikaanza kujisikia mkubwa, haki ya Mungu, lakini mtu yule hakuwa mjinga.

"Haya, Dishon anajipaka mafuta," akasema. "Nimekubali. Lakini mtu akiniambia kwa mdomo wake kwamba anaiba, ndiyo nimkabidhi mizani? Kitabu kinasema wale ni waongo. Hakisemi huyu ni mwaminifu."

Hapo alinipata. Karatasi inajua kile ulichosema kuhusu nafsi yako, basi. Utafanya nini ukiwa peke yako na samaki wa mtu, hilo haliandikwi.

"Basi twende tukamwone," nikasema.

Tukaenda Jumatatu kwa pikapu ya kampuni, vumbi tangu Kombewa mpaka Bondo, meneja hanisemeshi. Tulipofika Usenge, Selpha alikuwa ameinama juu ya nyavu akigeuza omena. Mwanamke mfupi, viganja vipana, magamba ya samaki yakimeta mpaka kwenye viwiko. Mama yake, Mama Dorca, alikuwa ameketi kando akichambua takataka kwenye omena. Wakati tunasalimiana watu wakajaa, na Dishon naye akajitokeza na shati la kola, maana alikuwa amesikia kwamba barua imekwama.

Selpha alijua tumefuata nini. Nilimwona akifuta mikono kwenye leso mara tatu wakati ilikuwa safi tangu mara ya kwanza. Miaka kumi na moja alikuwa ameuza samaki kwenye mizani ile bila kuuona uso wake, na tangu ianze kutundikwa pale haikuwahi kushikwa na mwanamke. Aliitaka kazi hiyo mpaka hamu ikaonekana shingoni mwake.

"Bwana Meneja," Dishon akasema, "kabla hujaongea na huyu mama, uliza alipewa jina la nani."

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akaita, "Aloo wa mkebe!"

Meneja akageuka kwa Mama Dorca. "Mama, Aloo ni nani?"

Yule mzee hakuona haya hata kidogo. Alicheka na pengo lake. "Aloo ni mama mkwe wangu. Huyu Selpha alipozaliwa, alilia siku tatu, anakataa titi. Tukaanza kumwitia majina ya waliokufa, moja moja. Tukiita hili, analia. Tukiita lile, analia. Tulipotaja Aloo, akanyamaza, akanyonya. Sasa hapo ungebishana na nani?"

"Na Aloo alikuwa mtu wa namna gani?"

"Aah, Aloo!" Mama Dorca akapiga makofi. "Aliuza mtama kwa mkebe. Kitako cha mkebe alikuwa amekigonga kikaingia ndani hivi. Ukiangalia juu, umejaa. Ukifika nyumbani, watoto hawashibi. Soko zima lilimjua, na bado lilinunua kwake, alikuwa mtamu wa maneno."

Kicheko kikapanda. Meneja akanitazama, na jicho lake lilisema, umeona sasa? Kumbe mtu nimemtetea mpaka nikagomea barua, na ni mjukuu wa mtu aliyekuwa akiiba kwa kipimo! Nilitamani ziwa linimeze.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Dishon akamaliza, akanyoosha kola.

Selpha aliacha kufuta mikono.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ni Aloo. Mkono wake ninao. Nikishika mkebe nimpimie mtu omena, hili dole gumba linataka kuingia ndani ya mkebe likae pale, lijaze nafasi. Kila siku linataka. Sijui ni damu, ama ni jina, ama ni kwa sababu nilikaa na shangazi sokoni miaka sita nikimtazama akipima kwa mkebe wa bibi. Nimemwomba Mungu aliondoe hili dole, hajaliondoa. Kwa hivyo nalitoa mimi mwenyewe, kila mkebe."

"Nikikupa mizani," meneja akauliza polepole, "utaiba?"

Nikasema moyoni, mama, sema la. Mara hii moja tu, sema la!

"Sijui," Selpha akasema.

"Wenzako saba wameniambia hawawezi kabisa."

"Labda wao wanajijua vizuri kunishinda. Mimi najijua hivi." Akaonyesha banda la mabati ambapo mizani ilikuwa inaning'inia. "Ndiyo maana ukinipa, kitu cha kwanza naigeuza. Uso uwatazame wavuvi. Mwenye samaki asome mwenyewe, aseme kwa sauti, mimi niandike alichosema. Hata hili dole likitaka, litapitia wapi?"

Kampuni ilikuwa imebadilisha wapimaji watano. Ilikuwa imetafuta mtu aliyeokoka, mtu aliyesoma, mtu mwenye mali asiyehitaji kuiba. Wote walipewa mizani ile ile, imegeukia ukutani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema igeuzwe.

Meneja akamgeukia Dishon. "Na wewe? Ungeigeuza?"

Dishon akashangaa kweli kweli. "Ya nini?" akasema. "Mimi ni mwaminifu!"

Wee! Ufuo ulilipuka. Wanawake wa omena walishikana mabega, watoto wakacheka bila kujua kinachochekwa. Hata meneja alijifunika uso kwa kile kijitabu chake. Dishon peke yake ndiye hakuelewa, na nadhani mpaka leo hajaelewa.

Barua niliipiga asubuhi iliyofuata, kwa wino mpya, bila kufuta herufi hata moja. Selpha Aloo aliishika mizani ya Usenge miaka saba, mpaka 1998 goti lilipomkataza kusimama kutwa. Kwa muda wote huo hakuna kasia lililoinuliwa. Fuo zingine ziliposikia, wavuvi wake nao wakadai uso, na meneja akawa anapita akigeuza mizani, akijisifu kwamba wazo alilipata kwenye kozi. Nilimwacha ajisifu. Mimi nilijua, na Selpha alijua, na nilitembea Kisumu miaka ile kama mtu aliyezaa. Hakuwa wa kabila langu wala wa kanisa langu, lakini ukinitajia jina lake hata leo kifua kinanijaa.

Lakini siku ninayoipenda ni ile ile ya Jumatatu, kwa sababu hawakungoja barua. Selpha alipanda juu ya kreti, akalegeza waya, akaizungusha mizani kwa mikono yake miwili mpaka uso ukatazama ziwa. Mzee mmoja anayeitwa Obiero, aliyekuwa amevua pale kabla ya sisi sote kuzaliwa, akasogea na mbuta wake, akamtundika. Akangoja aambiwe, kama alivyozoea.

"Soma, Baba," Selpha akasema.

Mzee Obiero akakunja macho. Akakaribia mpaka pua ikagusa kioo. "Kumi na nne," akasema. Halafu, kwa sauti kubwa zaidi, "Kumi na nne na nusu!"

"Kumi na nne na nusu," Selpha akasema, akaandika.

Mzee hakuondoka. Alisimama pale akimtazama.

"Binti yangu," akasema, "hiyo nusu, ungeniambia kumi na nne kamili, ningekushukuru nikaenda nyumbani."

"Najua, Baba," Selpha akasema. "Ndiyo maana umesoma wewe."