Wimbo wa Mutie Kwenye Nyuzi Ishirini na Nne

Mutie, mume wa Kalunde, alipopiga gitaa ng'ombe waliacha kucheua. Si uongo. Kuna fahali mmoja pale Nunguni aliyekonda kwa kusikiliza, mpaka mwenye fahali akaja kulalamika. Lakini Mutie alipookoka, mwaka wa sabini na nne, wazee wa kanisa walimwambia kwamba gitaa ni la dansi, na cha dansi hakivuki mlango wa Mungu. Mzee Nzomo ndiye aliyelipasua kwa shoka, na kuni zake zikachemsha chai ya kikao.

Mutie alichukua daftari, akachora mistari sita, kila uzi wa gitaa mstari wake, akaandika namba za mahali pa kuweka kidole. Sifuri ni uzi kupigwa wazi, bila kidole. Hivyo ndivyo alivyoutunza wimbo mmoja wa ujana wake, akautia maneno ya sala.

"Siku moja utapigwa humu ndani, mpaka mwisho," alimwambia mkewe. Akafa mwaka wa themanini na moja, siku hiyo haijafika.

Kalunde hakuliona darasa hata kupitia dirishani, lakini namba alizijua za sokoni, na ile mistari alifundishwa na marehemu. Tena alikuwa mfagiaji wa kanisa. Mzungu mmoja aliyefundisha kwaya alikuwa amerudi kwao na kumwachia chombo chake stoo. "Kitunze, mama," alisema. Alikiita luti. Tumbo lake lilikuwa kama la mja mzito wa mapacha, kichwa kimekunjwa nyuma kama cha mtu aliyetukanwa na ndege. Nyuzi ishirini na nne, nyingi zikienda mbili mbili, safu kumi na tatu kwa jumla.

Wazee walikuwa wamekataza gitaa. Luti hakuna aliyeikataza, maana hakuna aliyeijua.

Panya walikuwa wamekula zile pete za utumbo zinazofungwa shingoni kugawa sauti. Kalunde alisokota utumbo wa mbuzi, akafunga nyingine. Kukaza nyuzi hakukumsumbua, kwa kuwa miaka sita alifagia huku Mzungu akizikaza, na mfuatano wa sauti zile ulimkaa sikioni.

Akafungua daftari. Namba tatu akaweka kidole penye pete ya tatu, namba mbili penye ya pili, kama ilivyoandikwa, kwenye safu sita za mwanzo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi wawili kwenye gunia moja. Alirudia wiki nzima, akidhani mkono wake ndio mjinga.

Siku moja alichoka, akafunga daftari, akauimba wimbo kwa mdomo polepole, akiitafuta kila sauti kwenye luti mpaka aipate. Hapo akaelewa. Sauti za nyuzi za luti hazikupishana kama za gitaa. Namba za Mutie zilionyesha vidole vyake vilikosimama, na vidole hivyo vilikuwa vimezikwa. Wimbo wenyewe ulikuwa mahali pengine.

Akachora mistari yake. Ajabu ni sifuri. Pale Mutie alipobana nyuzi tatu mpaka jasho likamtoka, luti iliimba wazi, sifuri juu ya sifuri. Zile nyuzi nene za sauti ya chini, zilizozidi safu sita, aliziandikia chini ya mistari. Hazihitaji kidole, ila kabla ya kuanza lazima uzikaze zipatane na wimbo.

Kilichomuuma ni mbio za juu. Gitaa lilikimbia kama kware, luti ilijikwaa. Ilibidi kutoa baadhi ya sauti. Utatoa ipi kwenye wimbo wa mtu aliyekufa? Mvua mbili zilipita akichagua. Kila aliyoitoa aliiimba kwanza mara moja, kama kumuaga msafiri.

Jumapili ya mavuno aliketi mbele na luti mapajani, akapiga, akaimba. Katikati ya ubeti wa pili Mzee Nzomo akasimama.

"Simamisha! Hiyo si ya kanisa! Hiyo ni ile ya dansi ya Kitui, ya sitini na nane. Hapo ndipo watu wanageuka kushoto!"

Susu Nthenya, bibi mkongwe kuliko wote, akauliza kutoka nyuma, "Aiya! Na wewe mzee, umejuaje ni kushoto?"

Kicheko kilichotoka kilihamisha mabati mawili.

"Na hiyo ni gitaa," alisema Nzomo, sauti imeshapungua.

"Njoo uhesabu nyuzi, mzee," Kalunde alijibu.

Akaja. Alihesabu kwa kidole, akapotea kwenye kumi na saba, akaanza tena. Alipofika ishirini na nne hakuondoka.

"Mutie aliipiga mbio zaidi," alisema kwa sauti ya chini, ya kusikiwa na Kalunde peke yake.

"Najua, mzee. Hii haiwezi zile mbio."

"Mimi ndiye nilipasua ile gitaa."

"Hiyo pia najua."

Nzomo alitazama shingo ya luti, akatazama mikono ya Kalunde. "Basi maliza," alisema, akaketi kwenye benchi lililokuwa karibu, upande wa akina mama, wala hakuna aliyemfukuza.

Kalunde hakumalizia alipoachia. Alirudi mwanzo, akapiga beti zote nne. Alipoinua mkono, zile nyuzi nene ziliendelea kuvuma zenyewe, na hakuna aliyesema amina mpaka zilipotulia.