Jogoo Niliyempeleka Lugari

Niliondoka nyumbani Khwisero kwa sababu kukhu alikuwa anakufa na hakutaka kufa bado. Kukhu ni nyanya yangu, mamake baba. Tangu mvua zianze alikuwa amelala, miguu imevimba, na kila aliyekuja kumwona alimwambia neno moja: "Nileteeni Shadrack. Ale na Enos sahani moja, niwaone, ndipo mnichimbie kaburi."

Enos ni baba yangu. Shadrack ni ndugu yake mkubwa, naye anaishi Lugari. Walikuwa hawajala pamoja kwa miaka kumi na minne.

Lazima nieleze ugomvi kabla ya kueleza njia. Babu alikuwa na mashamba mawili: hili dogo la Khwisero, na lile la Lugari, lililokatwa kutoka shamba la Mzungu wa zamani. Baba mkubwa Shadrack alitumwa Lugari kulima mahindi, baba akabaki. Babu alipokufa bila kugawa, baba alisema, "Wewe una Lugari." Baba mkubwa akasema, "Lugari nilitumwa. Kwetu ni hapa." Akaja akapanda miti ya lusiola kuonyesha mpaka wa sehemu yake. Baba akaing'oa.

Hilo lingeweza kuisha. Lakini Krismasi ya mwaka huo baba mkubwa alikuja na mkewe, mama Rasoa, na mtoto wao Daudi. Daudi alikuwa wa umri wangu, miaka sita. Tulikula, wakarudi Lugari, na Daudi akatapika njia nzima. Siku ya tatu akafa. Mama Rasoa alisema mbele ya watu kwamba mama yangu alimtilia kitu katika chakula. Tangu hapo alikuja mzee wa mtaa, akaja mchungaji, akaja chifu na karani wake. Wote walipima mpaka kwa kamba. Hakuna aliyeuliza habari za chakula.

Nilichaguliwa kwenda kwa sababu watu wazima wote wa nyumba yetu walikuwa wameshasema maneno yasiyoweza kurudi mdomoni. Mimi huwa sisemi. Shule niliishia darasa la nane, na hata kanisani nikiitwa kusoma mstari nasikia masikio yakiwaka moto. Kukhu alisema, "Mtumeni huyu. Hajamtukana mtu."

Saa kumi na mbili asubuhi baba alinipa jogoo mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Kwetu huwezi kwenda kuomba jambo zito mikono mitupu, na kuku ndiye heshima. "Mwambie mama yetu anamwita," baba alisema. "Usimwambie mimi ninamwita." Nilipofika kwenye ua, mama alinifuata na mkate na chupa ya maji.

"Sikia. Kule usile kitu. Hata chai. Waliosema nimeua mtoto wao, unadhani wanataka nini kwa wangu?"

Nilisema ndiyo. Sikuwahi kumbishia mama.

Kakamega mjini nilifika kabla ya saa tatu na sikukaa. Gari nililopata lilikuwa linaishia Malava. Njia yote nilikuwa najifunza maneno. Nilikuwa na jambo moja ambalo mtu mwingine hakuwa nalo: ile Krismasi mimi na Daudi tulikula sahani moja. Nakumbuka tukigombania mguu wa kuku. Mimi sikuumwa hata tumbo. Miaka kumi na minne watu wakubwa walipiga kelele juu ya sahani hiyo na hakuna aliyemuuliza mtoto aliyebaki.

Malava ni Kabras, nchi ya miwa. Hapo nilipanda trela tupu la trekta lililokuwa limetoka kushusha miwa kiwandani, likielekea upande wa barabara kuu. Ndani mlikuwa na wakataji miwa wawili, panga zao zimefungwa kwa magunia. Mmoja alimtazama jogoo.

"Bwana harusi anaenda kuoa wapi?"

"Anaenda Lugari," nilisema. "Kuomba msamaha."

"Msamaha gani mwembamba hivyo? Mngempa mahindi kwanza!"

Mwenzake alicheka, kisha akaniuliza ugomvi ulikuwa wa nini. Nikasema wa shamba.

"Ya shamba huwa inaisha," alisema. "Mimi na ndugu yangu tulikatana panga kwa sababu ya mpaka, na sasa tunakunywanga chai pamoja. Damu ikioshwa imeoshwa. Ile ya sumu ndiyo haiishi, kwa sababu hakuna mtu ameiona. Utaosha nini?"

Nilimshika jogoo kifuani mpaka trekta likasimama.

Saa tisa alasiri, baada ya gari lingine na bodaboda, nilifika kwa baba mkubwa. Lugari si kama kwetu. Kwetu ukikohoa, jirani anakuuliza umekula nini. Pale mahindi yalikuwa mpaka macho yanapoishia, na nyumba ilisimama peke yake kama iliyosahauliwa. Baba mkubwa alikuwa anarekebisha mlango wa ghala. Alinitazama muda mrefu.

"Mulembe," nilimsalimu.

"Mulembe. Wewe ni wa Enos. Una kichwa chake." Akamtazama jogoo. "Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Kukhu anakuita. Anataka mle pamoja kabla hajaenda."

Alirudi kupigilia misumari. Mama Rasoa alitoka jikoni, mwanamke mwembamba amejifunga leso kiunoni, na aliposikia mimi ni nani alisimama pale pale mlangoni.

"Wewe ndiye mulikuwa munacheza na Daudi," alisema.

Maneno yote niliyojifunza njiani yalipotea. Nilitazama miguu yangu. Kisha nikasema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mwingine: "Tulikula sahani moja, mama. Siku ile. Mimi na yeye. Nilikula kila kitu alichokula."

Nyundo ilinyamaza.

"Kila kitu?" mama Rasoa aliuliza.

"Hata maji. Kikombe kimoja. Ila njugu mlizokuja nazo alinipa zikiwa zimekaa mfukoni mwake. Mimi sikuzila, zilikuwa na ukungu. Yeye alizila."

Sijui kama ni njugu. Sisemi ni njugu. Nilisema tu nililoliona. Mama Rasoa aliketi kwenye kizingiti, akafunika uso kwa leso. Baba mkubwa alimwendea na kusimama karibu naye bila kumgusa. Mwishowe mama Rasoa aliinuka, akaja, akamchukua jogoo mikononi mwangu.

"Leo huyu hatalala," alisema. "Tutamla."

Baba mkubwa alimwuliza, "Wa Khwisero?"

"Wa Khwisero. Kwani huwa unakula wa wapi?" Na kwa mara ya kwanza nilimwona baba mkubwa akicheka kidogo.

Jua lilipokuwa linashuka, meza iliwekwa ukumbini. Obusuma, yaani ugali, ilikuwa bado inatoa moshi, mboga ya mrenda pembeni, na kuku katika bakuli kubwa. Firigisi, sisi tunaiita imondo, huwa ni ya mwenye nyumba, na hakuna mwingine anayeigusa. Mama Rasoa aliitoa akamwekea mumewe. Aliishika, akaitazama. Ilikuwa imetoka katika nyumba ambayo kwa miaka kumi na minne walisema ilimuua mtoto wao. Akaitia kinywani, akatafuna, akameza.

Kisha mama Rasoa alifanya jambo ambalo bado naliona nikifunga macho. Alimega obusuma upande wangu wa sahani, akachovya kwenye mchuzi uliokuwa umewekwa mbele yangu, akala, huku ananitazama. Halafu akaisukuma sahani karibu nami.

"Karibu, mwana wanje." Mwanangu, ndivyo alivyoniita.

Nilinyoosha mkono. Naapa niliunyoosha. Nikamsikia mama yangu kama yuko nyuma ya kiti. Mkono ukasimama juu ya meza, ukarudi mapajani.

"Asante, mama. Nimeshiba. Nilikula njiani."

Nilidhani adabu itafunika. Hakuna aliyetafuna tena.

"Nani alikukataza?" baba mkubwa aliuliza.

Nilinyamaza.

"Mamako?"

Nilinyamaza. Kwa mtu anayejua kusikia, kunyamaza kule kulikuwa ndiyo.

"Sisi tumekula kuku wenu," alisema. Hakupandisha sauti. "Hatukuuliza amelishwa nini. Rasoa ameonja mbele yako kama mtu aliyeshtakiwa kortini, katika nyumba yake. Na wewe ndiye umetuambia chakula cha kwenu kilikuwa safi. Basi chetu kina nini?"

"Baba, mimi—"

"Rasoa, toa vyombo."

Wakati huo ningeweza kula. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Ningeweza kuishika sahani kwa mikono miwili, nikamwambia mama Rasoa asiichukue. Nilikaa kama gunia, naye akaibeba, na obusuma ikiwa na alama ya vidole vyake mahali alipomega.

Asubuhi baba mkubwa alinisindikiza mpaka barabarani. Ardhi ilikuwa na umande.

"Mwambie mama yangu sitakuja," alisema. "Si kwa hasira. Nikija nitaketi na watu wanaoniogopa. Anayekuogopa siku moja hukudhuru, hata kama hataki."

Kurudi sikumbuki sana. Malava, Kakamega, Khwisero, yote yalinipita. Nyumbani nilisema tu, "Amekataa." Baba akasema, "Nilijua." Mama akamshukuru Mungu kwamba nilirudi mzima. Alinipakulia chakula kingi, nikakila chote.

Kwa kukhu niliingia peke yangu.

"Jogoo walimla?"

"Walimla."

"Shadrack alikula imondo?"

"Aliila, kukhu."

Macho yake yalifunguka kabisa. Alijaribu kuinuka kwa kiwiko. "Basi atakuja!"

Nikamweleza yaliyobaki. Alilala tena polepole. Hakunigombeza. Hakumtaja Shadrack tena, wala hakuomba tena wanawe wale pamoja. Alikufa kabla ya mwezi kuisha.

Siku ya mazishi baba mkubwa na mama Rasoa walikuja. Mila haimruhusu mtoto kukosa kumtupia mama udongo. Walikuja na pikapu, na ndani yake kulikuwa na mtungi wa maji yao, kuni zao na sufuria lao limefungwa kwa kitambaa. Walikaa kando ya ua, pale miti ya lusiola ilipong'olewa, wakala vyao. Watu walitazama na kila mtu alielewa. Mama alisema kwa sauti, ili wasikie, "Mnaona? Ni nani sasa anayemdhania mwenzake?"

Nilitoka katikati ya wageni. Masikio yaliwaka, lakini nilitembea mpaka kwenye lile sufuria nikapiga magoti mbele ya mama Rasoa.

"Mama, nipe chakula."

Alinitazama. Hakuwa na chuki, na afadhali angekuwa nayo.

"Kimeisha, mwana," alisema, akalifunika sufuria, ingawa niliona bado kuna kitu.

Haya ndiyo niliyojifunza kutoka njia ile. Nilidhani ugomvi unakaa katika shamba au katika maneno ya wazee, na kwamba mtu akileta ukweli utakwisha. Niliuleta ukweli, wakaupokea na kuupikia. Lakini ugomvi unakaa pia katika yale mama anayomwambia mtoto uani anapomtuma, kwa mapenzi, kwa sauti ya chini. Hayo hakuna chifu anayeyapima kwa kamba. Kama wapatanishi wangekuja kwetu tena, ningewaambia waanzie hapo. Lakini hawaji tena. Kukhu ndiye aliyekuwa akiwaita.